Chumba Kinachotazama Ukuta

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na nyumba yetu imeanza kuringa. Mimi naona hivyo. Maji yanateleza juu ya vioo vya sebuleni, vioo vinavyoanzia sakafuni mpaka darini, na mume wangu amesimama katikati ya chumba, mikono mfukoni, kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha.

"Sikiliza," ananiambia.

"Nasikia mvua."

"Sikiliza jengo."

Nikamwambia jengo halijasema kitu, labda limeshiba. Hakucheka. Akiwa kwenye mambo ya nyumba yake hachekeshwi.

Mtaani wanamwita Msanifu, na mimi siku hizi namwita hivyo nikiwa nimeudhika. Mtaa wenyewe ni mpya, uko ubavuni mwa kilima, na kila nyumba imechorwa na mtu aliyesomea kuchora. Kuna inayofanana na meli, kuna inayofanana na kabati lililolazwa chali. Yetu imeingizwa kilimani, nusu ndani nusu nje, mfano wa mtu aliyejifunika shuka mpaka kiunoni. Nyuma yake kilima kimekatwa wima na kuzuiwa kwa ukuta mrefu wa mawe, na kati ya ukuta na nyumba kuna kijia chembamba. Chumba kinachotazama ukuta huo ndicho chenye giza na ubaridi kuliko vyote.

Nakitaja kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalala humo. Napiga eksirei hospitalini, nusu ya zamu zangu ni za usiku, na nyumba yetu haina pazia hata moja. Msanifu hataki. Anasema nuru ni sehemu ya jengo. Basi mchana nilikuwa najificha chumba cha nyuma, nalala fofofo. Kisha goti la mama mkwe likagoma kupanda ngazi za kwake, akahamia kwetu, na chumba kikawa chake. Sikuulizwa. Naye hakuulizwa. "Mgonjwa haulizwi uji," alisema Msanifu, akabeba sanduku la mama yake mpaka ndani.

Nililalamika mara moja tu, lakini kwa sauti, na Mama alisikia. Tangu hapo nalala nimejifunga kitambaa machoni, na Mama ananisalimu kwa adabu iliyozidi kiasi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Msanifu anatafuta kalamu yake.

Jumapili, 9 Machi

Mezani mchana Msanifu ametangaza kwamba wageni wa chama cha wasanifu watakuja mwezi Mei, mvua zikipungua, kuitazama nyumba. Zimechaguliwa nyumba chache za mji huu, na moja itapewa tuzo. Mpaka siku hiyo hakuna kupigilia msumari, hakuna kuning'iniza kitu, hakuna kuhamisha hata chungu cha maua. "Kila kitu kwenye nyumba hii kiko mahali pake kwa sababu."

"Na vyura?" akauliza Mama.

"Vyura gani?"

"Wa ukutani. Wanatoka kwenye yale matundu, wanapenya chini ya mlango wa kioo, wanakuja kulala kwenye malapa yangu. Juzi nimekanyaga mmoja. Niwekee wavu, mwanangu."

Matundu anayoyasema ni vile vibomba vilivyopangwa chini ya ukuta, nyuma ya majani yanayotambaa, vya kutolea maji ya kilima. Msanifu akacheka. Akasema wavu utaharibu sura ya kioo, na isitoshe chura ni ishara ya mazingira mazuri. Binti yetu, Kidoti, akauliza kama chura naye yuko mahali pake kwa sababu. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mama hakucheka.

Jumanne, 11 Machi

Nimetoka zamu. Nimelala vipande vipande. Jua lilitokeza kidogo tu mchana, likanikuta mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kutwa. Soksi za Msanifu sasa ni za mguu mmoja mmoja. Ananiuliza mimi, kana kwamba nazila. Nguo zake anazikunja Mama, hataki mtu mwingine aziguse, basi nikamwambia akamuulize Mama. Mama akasema mashine za kufulia za siku hizi zina tumbo.

Jumatano, 19 Machi

Mama hajataja vyura wiki hii. Nilipotoka zamu nilikuta uji mezani, umefunikwa kwa sahani. Hakusema kwamba ni wangu. Nikaunywa.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikwenda kuchukua nguo chafu za Mama, nikauona ufa.

Kazi yangu ni kutazama nyufa. Mtu anakuja amekumbatia mkono wake, anasema nimeteguka tu, na mimi naona kwenye skrini uzi mweusi mwembamba umekatiza mfupa. Huwa naujua kabla hata sijampa daktari picha. Uzi uleule nimeuona leo kwenye kijia, nimeshika kapu la nguo, mvua ikinipiga mgongoni. Ufa umeanzia nyuma ya majani, umepanda mshazari, umepita kwenye viungo vya mawe mpaka karibu usawa wa uso wangu.

"Unatafuta nini huko?" Mama aliuliza kutoka kitandani.

"Nguo, Mama."

"Nguo haziko ukutani."

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia Msanifu. Alikwenda kutazama akiwa na mwavuli, akasimama mlangoni asilowe viatu.

"Ni saruji ya kwenye viungo. Inapumua."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Methali hiyo haikutungwa na msanifu." Kisha akaniwekea mkono begani, akasema kwa upole, na upole ndio ulioniudhi: "Najua ulikipenda hicho chumba."

Ni kweli nilikipenda. Na ni kweli kuna ufa. Nifanyeje ili la pili lisikike bila la kwanza?

Alhamisi, 27 Machi

Mvua.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Nimechukua krayoni nyekundu ya Kidoti, nikachora mstari pale ufa unapoishia.

Ijumaa, 4 Aprili

Ufa umeupita mstari. Nimechora mwingine.

Jumatatu, 7 Aprili

Umeupita na huo. Msanifu ameiona mistari, akapandisha sauti: nimeuchora ukuta kama mtoto, wageni watasemaje? Nikaisugua kwa brashi mpaka ikafutika. Ufa haukufutika.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nimesema ukweli vibaya.

Nilitoka zamu asubuhi macho yakiwaka, nikapita moja kwa moja chumba cha nyuma bila kuvua koti. Mama alikuwa amekaa kitandani anapaka goti dawa. Kitanda chake kimesogezwa sambamba na mlango wa kioo, kwa sababu Msanifu alitaka mama yake akiamka aone majani. Ni hatua mbili tu mpaka kwenye kioo. Nje ya kioo ni kijia, kisha ukuta, kisha kilima kizima.

"Mama, nakuomba uhamie chumba cha Kidoti. Mpaka mvua zipite tu."

Hakuinua kichwa. "Na humu atalala nani?"

"Hakuna mtu. Ukuta una ufa, Mama. Naogopa."

"Mwanangu amesema ukuta ni mzima."

"Mwanao hajautazama."

"Ameuchora." Akafunika kichupa cha dawa, akakaza kifuniko kuliko kilivyohitaji. "Mama Kidoti, mimi si mtoto mdogo. Siku ile ulipolalamika kuhusu chumba hiki nilikuwa hapohapo nyuma ya mlango. Ungekuja ukaniambia, Mama, nipishe nilale, nina zamu, ningekupisha. Lakini kunitisha! Wenzio wakitaka kumwondoa mkwe husema anakohoa sana, husema anaweka chumvi nyingi. Wewe umeniletea ukuta."

Nilikuwa nimechoka. Hiyo ndiyo sababu, wala haitoshi. Nikasema, "Basi kaa. Ukikuangukia usiseme hukuambiwa."

Neno likishatoka halirudi. Mama alinitazama, mkono umeganda juu ya goti.

"Umeniapiza," akasema.

"Mama, sikuwa na maana hiyo."

"Nenda kalale."

Sikulala. Jioni Msanifu alikula bila kunisemesha, akaosha sahani yake mwenyewe, akaenda kukaa na mama yake. Niliwasikia wanacheka kule nyuma. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa na hasira na yule mama, na chini ya hasira zote hizo nilikuwa na hofu, na hofu hiyo hakuna aliyeitaka.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Uji haukuwekwa.

Jumatano, 16 Aprili

Mama amezungumza na binti yake kwa simu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Hapa nimekuwa mzigo, mwanangu. Ila nipo, nimejaa tele, sitoki." Kidoti akaniuliza Bibi amejaa nini. Nikamwambia kiburi, kisha nikajuta, kwa sababu mtoto hasahau.

Ijumaa, 18 Aprili

Ukuta umetoa tumbo.

Ukisimama mwisho wa kijia ukafumba jicho moja unaliona. Huku umenyooka, kule umenyooka, katikati umejaa, mkabala kabisa na kitanda cha Mama. Vigae vya kijia vimeinuka upande mmoja, najikwaa navyo kila nikipita. Nikamwita Msanifu. Akafumba jicho, akatazama sana kuliko siku zote, akasema mawe ya asili hayajawahi kunyooka, ndio uzuri wake. Lakini alirudi ndani polepole. Najua mwendo wake.

Nilipomuuliza kama tuweke hata nguzo za mbao za kuegemeza, akasema, "Wageni wanakuja baada ya wiki nne." Kama vile mvua nayo ilipata mwaliko na itasubiri.

Jumapili, 20 Aprili

Mezani nimesema, "Mwaka jana ukuta ulikuwa unatoa maji. Nikilala mle nilikuwa nasikia tiriri, tiriri, mchana kutwa. Mwaka huu kimya."

"Maji yanapita nyuma kwenye changarawe, yanaishia mtaroni," akasema Msanifu. Hata uso wake ulifunguka. "Maana yake mfereji unafanya kazi kuliko nilivyotegemea. Hata tone halitoki!"

Mama alikuwa anamenya chungwa. Kisu kilisimama, kisha kikaendelea. Nilidhani ni goti.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua, usiku na mchana. Nimempigia mhandisi aliyepiga hesabu za ukuta, rafiki wa Msanifu tangu chuoni. Hapatikani, yuko safarini. Nimemwachia ujumbe, nikaeleza yote, ufa, tumbo, vigae, ukimya. Sijamwambia Msanifu.

Ijumaa, 25 Aprili

Soksi nyeusi, zile alizoziweka kwa siku ya wageni, nazo hazipo. Msanifu ameapa kununua mashine mpya.

Jumamosi, 26 Aprili

Lazima niandike haya leo.

Mhandisi alijibu mchana baada ya chakula. Ujumbe mfupi: *Vibomba vinatoa maji au havitoi? Kama havitoi, mtoeni Mama humo leo leo.*

Nikampelekea Msanifu simu. Alisoma, akasoma tena, na la kwanza alilosema ni, "Umemwita mhandisi bila kunieleza?" Nikasema ndiyo. Akasema mhandisi ni mwoga tangu shuleni, havitoi kwa sababu mfereji unafanya kazi, atamwelewesha akirudi. Nikaenda kwa Mama, nikamsomea ujumbe neno kwa neno. Akageukia upande wa pili. "Hata huyo umemfundisha," akasema.

Nilisimama katikati ya korido. Huku mtu amelala chini ya kilima, huku mwenye ukuta anatafuta kalamu yake, na mimi ndiye mchawi. Nikaingia chumbani kwetu, nikavuta godoro kutoka kitandani, nikaliburuta. Lilikwama mlangoni, nikalisukuma kwa goti. Nikalitandika chumbani kwa Mama, pale chini, kati ya kitanda chake na kioo.

Mama akainuka. "Hii ni nini tena?"

"Nimekuja kulala."

"Umekuja kunifukuza kwa mgongo wako?"

"Hapana, Mama. Umesema ukuta ni mzima, mwanao amesema ukuta ni mzima. Basi tulale. Ukianguka utanikuta mimi kwanza, na apizo litakuwa langu."

Msanifu akaja, akasimama mlangoni. "Acha maigizo."

Nikajilaza. Kupitia kioo niliona tumbo la ukuta likiwa juu yangu, majani yamelowa, na maji yanatiririka kutoka juu ya ukingo, ndipo nikagundua mimi si jasiri hata kidogo. Nilikaza macho nisilie mbele yao.

Hapo akaingia Kidoti. Alikuwa amekumbatia mto wake.

"Na mimi nataka kulala kwa Bibi," akasema, akapanda juu ya godoro, akajipenyeza kwapani mwangu.

Sikulipanga hilo. Mungu anajua sikulipanga. Nilifungua kinywa kumwondoa, lakini Msanifu alinitangulia.

"Kidoti, toka humo!"

Ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mtoto akashtuka.

"Kwa nini atoke?" nikamuuliza. "Si mzima?"

Alitazama ukuta, akamtazama mtoto, na nikaona kabisa kwamba alikuwa anajua. Labda tangu siku ile alipofumba jicho moja.

Mama naye aliona. Akashusha miguu chini, goti bovu na goti zima, akamshika Kidoti mkono, akamvuta kwake.

"Nimeyaziba," akasema.

"Umeziba nini, Mama?"

"Matundu. Yote ninayoweza kuyafikia. Vyura walikuwa wanakuja, na siku moja alikuja kijoka, kidogo hivi. Nilikuomba wavu. Ukasema kioo kitaharibika sura. Nikaona basi nizibe kule kule wanakotoka. Mnasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba."

"Kwa nini hukuniambia?" Msanifu alikuwa ananong'ona.

"Ulisema hapa hakiguswi kitu. Nikasema ukijua nimegusa, utanirudisha kwenye ngazi." Kisha akanigeukia mimi. "Jumapili uliposema kimya, nilijua. Nikasema nitazibua mwenyewe mvua ikitulia. Haikutulia."

Msanifu alikwenda stoo mbio, akarudi na mtalimbo. Niliwatoa mtoto na Mama mpaka koridoni, tukabaki tunachungulia. Akayararua majani yale aliyokuwa akiyanyunyizia maji kwa mkono wake, akachomeka ncha ya mtalimbo kwenye tundu la pembeni, akasukuma, akavuta. Kikatoka kitu cha kijivu, kirefu, kimefungwa fundo. Nyuma yake maji yakaruka, ya rangi ya chai, yakampiga kifuani.

Ilikuwa soksi yake.

Akazibua la pili. Soksi. La tatu, ile nyeusi ya wageni. Kila moja ilijazwa vitambaa ikakandamizwa kwa ufundi. Mama hafanyi kazi ya kulipua. Nilianza kucheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka na machozi yananitoka, na Mama akanitazama kama nimepata wazimu, kisha mdomo wake ukaanza kumcheza na yeye.

Msanifu hakucheka. Maji yalikuwa yanazidi, badala ya kupungua. Alisimama akiyatazama, mtalimbo mkononi, akielewa ni kiasi gani kilikuwa kimekaa nyuma ya mawe yale wiki zote hizo. Akarudi nyuma hatua kwa hatua.

"Tokeni," akasema. "Tokeni wote, nendeni mbele. Acheni kila kitu."

Jumapili, 27 Aprili

Ukuta umeanguka asubuhi, tukiwa tunakunywa chai upande wa mbele.

Haikuwa sauti ya radi. Ilikuwa kama lori linamwaga kokoto, halafu lori halimalizi kumwaga. Vikombe vilitembea juu ya meza. Kioo cha nyuma kilipasuka, kisha kukawa kimya, na katika kimya hicho maji yalikuwa yanatiririka. Tiriri, tiriri.

Tulipokwenda kutazama, mlango wa chumba haukufunguka wote. Msanifu alisukuma kwa bega. Kitanda cha Mama hakikuonekana. Mawe na tope vilikuwa vimelala pale alipokuwa analala yeye, vimepanda mpaka kwenye swichi ya taa. Godoro langu sijui liko wapi.

"Mto wangu," akasema Mama.

Akanishika mkono. Vidole vyake ni vigumu na vilikuwa vya baridi, na alinibana mpaka pete ikaniumiza. Nilimwambia, "Mama, nisamehe lile neno." Akasema, "Lipi?" na akaendelea kunibana. Nikalia kama mtoto. Msanifu aliketi chini koridoni, kwenye maji, na suruali yake safi, akajifunika uso kwa viganja.

Nilidhani nitafurahi siku atakapokubali. Badala yake nilimwonea huruma.

Jumanne, 29 Aprili

Mhandisi amekuja. Kilichobaki cha ukuta kitabomolewa. Alimuuliza Msanifu ni nani aliyeziba vibomba. Mama akajiandaa kusema, akavuta pumzi. "Mimi," akasema Msanifu. Mhandisi akamtazama, akazitazama soksi zilizochomoza kwenye tope, akaandika.

Jumapili, 4 Mei

Mvua ndogo. Mama analala na mimi chumbani kwetu, kwenye godoro jipya, anakoroma, na nikitoka zamu ananikalia mlangoni mtu asinipigie kelele. Uji umerudi. Msanifu yuko sebuleni kwenye kochi. Jua la asubuhi linapenya vile vioo vyake, linamwamsha kabla ya jogoo wa mtu yeyote. Jana ameniomba kile kitambaa changu cha macho. Nikampa bila kusema neno, na halikuwa jambo rahisi.

Ijumaa, 9 Mei

Amewapigia wageni wa chama mwenyewe, wasije. Nilikuwa jikoni, nilisikia. Hakusema mvua, hakusema kilima. Alisema, "Nilimchorea mama yangu chumba, nikasahau kumuuliza mama yangu." Huko upande wa pili walimuuliza kitu, akajibu, "Hapana, si hesabu. Hesabu zilikuwa sawa."

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Mafundi wamemaliza kuondoa mawe, na soksi zimefuliwa zikaanikwa, mbili mbili.

Baada ya chakula Msanifu alileta karatasi na penseli mezani. Akaketi mkabala na mama yake.

"Chumba kipya, Mama. Unataka nini?"

"Mgonjwa haulizwi uji."

"Nakuuliza."

"Na mimi si mgonjwa." Akajiweka sawa kwenye kiti. Kisha akaanza. Wavu, hilo kwanza. Kitasa kiwe chini kidogo, bega lake haliinuki. Mlango ufunguke upande wa pili. Chuma cha kushika karibu na kitanda kwa ajili ya goti. Dirisha si mlango, na liwe upande wa barabarani, anataka kuona nani anapita na nani, majani ameyaona ya kutosha. Msumari wa kutundika tochi. Penseli ilikuwa inakimbia nyuma yake, haimfikii. "Na ukuta uache utoe maji," akamalizia. "Mimi na vyura tutaelewana kwa wavu."

Akaandika hata hilo la vyura. Kisha akanigeukia.

"Na wewe?"

Miaka miwili nimekaa na majibu ya swali hilo. Nimeyapanga nikiwa kwenye zamu, nimeyanoa nikiwa nimelala na kitambaa machoni, mengine yalikuwa makali kweli. Nikayatafuta, sikuliona hata moja. Nikamtazama. Alikuwa hajalala vizuri wiki tatu.

"Pazia," nikasema.

Akaandika. Bila kuinua kichwa akauliza, "Zito?"

"Zito kabisa. Andika mawili. Moja la sebuleni, macho yako yamekuwa mekundu."